Kinachoonekana kwenye damu kabla kifua hakijabana

Kuna mstari kwenye karatasi ya majibu ya damu ambao wagonjwa wengi hawausomi na wahudumu wengi huuruka. Umeandikwa EOS. Katika kipimo cha picha kamili ya damu, kile ambacho mtu hupimwa akiwa na homa, akiwa mjamzito au kabla ya upasuaji, mashine huhesabu chembe nyeupe na kuzigawa kwa aina zake. Macho ya daktari hukimbilia kwanza wingi wa damu, kisha jumla ya chembe nyeupe, kisha chembe sahani. EOS hubaki pale chini na kijinamba chake, mara nyingi sifuri nukta kitu.

Kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, kijinamba hicho kinaweza kuamua apewe dawa gani na anyimwe ipi.

Ugonjwa wenyewe madaktari huutaja kwa herufi nne, COPD. Njia za hewa husinyaa na kujaa makohozi, vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu huchakaa, na pumzi iliyoingia hupata taabu kutoka. Ukishaingia hauondoki, hutulizwa tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5, na kwamba karibu asilimia 90 ya wanaokufa nao kabla ya kutimiza miaka 70 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ulaya chanzo kikuu ni sigara. Kwetu sigara ipo, lakini yapo pia mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, upo mkaa, na ipo TB iliyopona ikaacha makovu.

Wilayani Masindi, magharibi mwa Uganda, watafiti waliwapima watu 588 wa kuanzia umri wa miaka 30 kwa spirometa, ile mashine ya kupuliza inayoonyesha hewa inatoka kwa kasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa huu, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo, asilimia 16.8 kwa 15.4. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni na mabaki ya mimea. Na ugonjwa haukusubiri uzee, kwani kundi kubwa zaidi la waliokutwa nao lilikuwa la watu walio bado katika miaka yao ya thelathini.

Mama mkubwa wangu ni wa kundi hilo la moshi wa kuni. Alipika kwa kuni Lushoto kwa zaidi ya miaka 40 na hajawahi kushika sigara. Alipoanza kukohoa na kuhema akipanda kilima cha kwenda kanisani, alipimwa makohozi kutafuta TB, akaambiwa hana. Akapewa antibiotiki mara nyingi kuliko anavyokumbuka. Akaambiwa ni pumu, akapewa prednisoloni, baadaye inhela yenye steroidi. Akaambiwa ni umri. Karibu kila safari alitolewa damu, na karatasi zake zikaishia kwenye mfuko wa rambo uliotundikwa nyuma ya mlango. Spirometa aliiona miaka minne baada ya kuanza kuhangaika. Nitarudi kwenye mfuko huo.

Kinachowasumbua madaktari wa mapafu ni kwamba wagonjwa wawili wanaweza kupuliza mashine wakapata majibu yanayofanana, kisha mmoja akazidiwa mara tatu kwa mwaka na kufariki upesi, na mwenzake akaendelea na shamba lake miaka kumi na zaidi. Pumzi inaonyesha mapafu yameharibika kiasi gani hadi leo. Haionyeshi yanakwenda wapi. Ndiyo maana watafiti waligeukia damu, ambayo hupita yote kwenye mapafu na huondoka na habari za huko.

Habari ya kwanza kubwa ilipatikana Malmö, kusini mwa Sweden, mwaka 1963. Carl-Bertil Laurell alikuwa bingwa wa kutenganisha protini za damu kwa umeme. Kila protini hukimbia kwa mwendo wake na kuacha mkanda wake kwenye karatasi. Yeye na daktari kijana, Sten Eriksson, walipitia karatasi zipatazo 1,500 na kukuta tano ambazo mkanda mmoja haukuwepo. Walipowafuatilia wenye damu hiyo, watatu kati ya watano walikuwa na mapafu yaliyochakaa. Protini iliyokosekana ni alpha-1 antitripsini, ambayo huyalinda mapafu yasiliwe na vimeng'enya vya chembe nyeupe za mwili wenyewe. Kasoro hiyo ni ya kurithi na ni ya watu wa Ulaya ya kaskazini zaidi kuliko wa kwetu. Nimeitaja kwa sababu ya namna ilivyopatikana: karatasi zilikuwa tayari zimetoka maabara, zikiwa na majibu mengine, mpaka walipotokea watu wa kuuliza kwa nini mstari mmoja haupo.

Tangu hapo viashiria vya damu vimesakwa kwa makumi. Utafiti uliokusanya vingi kwa pamoja uliitwa ECLIPSE, ukawafuata wagonjwa wa nchi 12 kwa miaka mitatu. Mwaka 2012 kundi lililoongozwa na Alvar Agustí wa Barcelona lilitoa sehemu ya matokeo yake. Walitazama viashiria sita vya mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka ndani kwa ndani, katika wagonjwa 1,755. Asilimia 30 hawakuwa na dalili yoyote ya kuwaka. Asilimia 16 waliwaka mwanzoni na walipopimwa tena mwaka uliofuata walikuwa bado wanawaka. Mapafu ya makundi haya mawili yalikuwa yameharibika kwa kiwango kinachokaribiana, lakini ndani ya miaka mitatu walifariki asilimia 2 ya kundi la kwanza na asilimia 13 ya kundi la pili.

Mtu akiishia hapo ataona kwamba kazi imekwisha, tununue mashine tupime. Lakini mwaka huohuo, kwa wagonjwa wa utafiti huohuo, Bartolome Celli na wenzake waliuliza jambo ambalo mimi naliona ndilo la maana zaidi katika habari hii yote: damu inaongeza nini juu ya kile ambacho daktari makini angekijua bila damu?

Celli ndiye aliyeongoza, mwaka 2004, utafiti ulioleta alama zinazoitwa BODE. Huchukua mambo manne: uzito wa mgonjwa kulinganishwa na urefu wake, kasi ya hewa kwenye spirometa, jinsi anavyohema katika shughuli za kawaida, na umbali anaoweza kutembea kwa dakika sita. Kati ya wagonjwa 1,843 waliochambuliwa mwaka 2012, 168 walifariki katika miaka mitatu. Watafiti walijaribu kubashiri ni nani hao. Kipimo cha ubashiri wa aina hii kinakwenda hivi: 0.5 ni sawa na kurusha shilingi juu, na 1 ni kutokosea kamwe. Kwa umri, alama za BODE na historia ya kulazwa, ubashiri ulifika 0.686. Wakaongeza protini moja ya mchochota, interlukini-6, ukapanda hadi 0.708. Wakaongeza viashiria vyao vyote vya damu kwa pamoja, ukafika 0.726.

Kutoka 0.686 hadi 0.726. Ni hatua, wala siidharau. Lakini itazame hatua iliyotangulia, ile ya kutoka kwenye shilingi ya kurusha hadi 0.686. Hiyo ilipigwa kwa mizani, utepe wa kupimia urefu, spirometa, saa, korido ya mita 30, na mhudumu aliyepata muda wa kumuuliza mgonjwa anahema anapofanya nini. Zahanati ngapi zetu zina korido? Karibu zote. Ngapi zimewahi kumtembeza mgonjwa wa kifua kwa dakika sita na kuandika amefika wapi? Ninaandika haya kwa uchungu, kwa sababu kila mara inapotangazwa kwamba tone la damu sasa litatabiri maisha ya mapafu, watu huanza kusubiri mashine ijayo na kuacha ile korido waliyosimama ndani yake.

Fibrinogeni inaonyesha mpaka wa viashiria hivi ulipo. Ni protini ya kugandisha damu, na hupanda mwili ukiwaka. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali rasmi kwa ugonjwa wa COPD. Iliikubali kwa kazi moja: kuwasaidia wanaofanya majaribio ya dawa kuchagua wagonjwa walio katika hatari zaidi, wenye kuanzia miligramu 350 kwa desilita. Haikuidhinishwa ili daktari amwambie mtu atazidiwa lini. Kutabiri kwa kundi ni kazi moja, na kumtabiria mama aliyekaa mbele yako ni kazi nyingine ngumu zaidi.

Protini ya CRP, kwa upande wake, imepata kazi kwa mgonjwa mmoja mmoja, na safari yake imefika hadi kwetu. Iligunduliwa mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na William Tillett na Thomas Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Hutengenezwa na ini, na maambukizi yakiingia hupanda kwa kasi. Leo hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni na majibu hutoka ndani ya dakika chache.

Huko Uingereza na Wales, watafiti walichukua wagonjwa 653 wa COPD waliokwenda kwa madaktari wao wakiwa wamezidiwa. Nusu walitibiwa kwa mazoea, nusu walipimwa kwanza CRP. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, daktari alishauriwa kwamba antibiotiki haielekei kusaidia. Ikizidi 40, inaelekea kusaidia. Katikati, atazame kama makohozi yamekuwa ya usaha. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa asilimia 77.4 ya waliotibiwa kwa mazoea walitumia antibiotiki, na waliopimwa kwanza ni asilimia 57. Hali za waliopimwa hazikuwa mbaya zaidi. Antibiotiki zote hizo zilizookolewa, katika dunia ambayo dawa zinazidi kushindwa na vijidudu, ni faida ambayo mtu haioni kwenye mwili wake lakini mjukuu wake ataiona.

Sasa chukua protini hiyohiyo uende nayo Kampala. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa huko uliowapima CRP watu 1,177 wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wanajiandaa kuanza dawa. Watafiti hawakuwa wanatafuta nani apewe antibiotiki. Walikuwa wanatafuta nani achunguzwe TB. Kipimo kilifanya kazi, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza CRP iliyozidi 5 itumike kuchuja TB kwa wanaoishi na virusi hivyo. Namba 15, ambayo Wales ingemwambia daktari aache antibiotiki na mgonjwa aende nyumbani, Kampala ingemwambia asimruhusu mgonjwa huyu kuondoka kabla ya kutoa makohozi. Malaria nayo huipandisha CRP. Anayechukua mwongozo wa Wales na kuubandika ukutani Kigoma bila kuujaribu kwanza atawarudisha nyumbani watu wenye TB.

Jambo hilohilo limo kwenye mstari wa EOS, na hapo hatari yake ni kubwa zaidi.

EOS ni eosinofili, chembe nyeupe ambazo Mjerumani Paul Ehrlich alizibaini mwaka 1879 kwa sababu hunyonya rangi ya eosini zikawa nyekundu chini ya hadubini. Katika baadhi ya wagonjwa wa COPD chembe hizi hujazana kwenye njia za hewa na kuchochea mchochota ambao steroidi huutuliza vizuri. Kwa wengine hazipo, na steroidi haina cha kutuliza. Miongozo ya kimataifa ya COPD, inayojulikana kama GOLD, tangu mwaka 2019 imeweka mipaka miwili. Mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara akiwa na eosinofili 300 au zaidi katika kila mikrolita ya damu, steroidi ya kuvuta inaelekea kumsaidia. Akiwa chini ya 100, faida ni ndogo mno, na hatari ya nimonia inayotokana na dawa hiyo inabaki palepale.

Msomaji mwenye karatasi mkononi asichanganyikiwe na vipimo. Mashine nyingi huandika kwa bilioni kwa lita. EOS 0.30 ndiyo hiyo 300, na 0.10 ni 100. Mstari wa pili wenye alama ya asilimia ni jambo jingine.

Namba hii imefungua pia mlango wa dawa mpya. Dupilumabu, sindano iliyokwisha kutumika kwa pumu, iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2024 kwa wagonjwa wa COPD wenye eosinofili nyingi wanaoendelea kuzidiwa licha ya inhela. Katika majaribio mawili makubwa ilipunguza kuzidiwa kwa asilimia 30 na 34. Ni ghali mno, na kwa wasomaji wengi wa gazeti hili itabaki kuwa habari ya kusikia kwa muda mrefu. Kilicho karibu nasi ni prednisoloni, kidonge cha steroidi cha bei ndogo kinachogawiwa kila mgonjwa wa kifua anapozidiwa. Jaribio la Uingereza lilipima eosinofili kwa damu ya kidoleni papo hapo na kuwanyima prednisoloni wale waliokuwa chini ya asilimia 2. Hawakufanya vibaya kuliko waliopewa kwa mazoea. Fikiria sukari isiyopanda bila sababu na mifupa isiyolika, kwa kusoma tu mstari ambao tayari umekwisha kulipiwa.

Lakini eosinofili hazikuumbwa kwa ajili ya COPD. Kazi yake ya kale ni kupambana na minyoo. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho ni jambo la kawaida, na katika vijiji vyenye safura, mtu mwenye EOS 0.60 anaweza kuwa na minyoo na si mapafu yanayohitaji steroidi. Mipaka ya 100 na 300 haikuchorwa kwa kuwazia minyoo. Na kuna mnyoo mmoja, strongiloidi, unaoingia kwa ngozi ya miguu peku na kukaa mwilini kwa makumi ya miaka kimya. Mwenye mnyoo huo akipewa prednisoloni, kinga hushuka, na mnyoo unaweza kuzaliana na kusambaa mwili mzima, hata kuua. Daktari akisoma kwamba eosinofili ziko juu, akaandika prednisoloni bila kufikiria minyoo, kiashiria kilichotakiwa kumlinda mgonjwa kinaweza kumpeleka kaburini. Dawa bora ya mnyoo huu ni ivermektini. Albendazoli ya kawaida haitoshi kuuondoa.

Hata jumla ya chembe nyeupe si namba ya dunia nzima. Watafiti wa Copenhagen, katika utafiti wa watu 61,650 uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba mgonjwa wa COPD mwenye CRP, fibrinogeni na chembe nyeupe zote juu alikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kuzidiwa tena na tena katika mwaka wa kwanza. Mpaka wao wa chembe nyeupe ulikuwa bilioni 9 kwa lita. Lakini Waafrika wengi, kwa sababu ya tofauti ya kurithi iliyowakinga babu zetu dhidi ya aina moja ya malaria, huwa na chembe nyeupe pungufu wakiwa wazima kabisa. Mtu wa kwetu anaweza kuwa anawaka ndani na bado asifike 9.

Msimamo wangu ni huu. Viashiria vya damu kwa ugonjwa wa mapafu si ndoto tena, na viwili kati yake, CRP na eosinofili, vinafaa kuingia kwenye kliniki zetu. Viingie na mipaka iliyopimwa kwa damu zetu, Mwanza na Masindi na Kisumu, kwa watu ambao minyoo yao imetibiwa na TB yao imetafutwa. Kazi hiyo haihitaji maabara ya Boston. Inahitaji karatasi za picha kamili ya damu zinazotolewa kila siku, spirometa katika kila hospitali ya wilaya, na watu wa kufuatilia kwa miaka mitatu nani alizidiwa na nani hakuzidiwa.

Nirudi kwenye mfuko wa rambo. Niliketi na mama mkubwa tukazitoa karatasi zake, tukazipanga kwa tarehe kwenye mkeka. Zilikuwa saba, za miaka minne. Katika karatasi zote saba EOS haikuwahi kufika 0.10. Katika kipindi hicho alilazwa kwa nimonia mara mbili, akiwa anavuta steroidi asubuhi na jioni. Siwezi kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyomletea nimonia, na daktari wa mapafu aliyeziona karatasi hakusema hivyo. Alichofanya ni kuzisoma moja baada ya nyingine, kumtembeza kwenye korido huku anatazama saa, kisha kumwondolea steroidi na kumwachia inhela ya kupanua njia za hewa. Akamwambia pia jiko lihame nje.

Karatasi hizo sasa ziko kwenye faili. Namba moja ya eosinofili hupanda na kushuka na haitoshi kuamua jambo. Mfululizo wa miaka ndio unaosema. Basi, kama nyumbani kwako kuna mtu wa kifua, zitafute karatasi zake leo, zipange kwa tarehe, na safari ijayo ziende naye mbele ya daktari.